Uchakavu

Mwalimu Nandonde anaandika ubaoni:
kila mali inayofanya kazi huchakaa,
punguza thamani yake mwaka hadi mwaka,
gari, cherehani, mashine ya kukamulia ufuta.
Nami nyuma kabisa, dirisha linalotazama Ligula,
naangalia vidole vyangu
na kujiuliza niviandike safu gani.

Saa nne usiku naingia kiwandani.
Bi Somoe Mchopa, aliyeanza kubangua korosho
kabla mama yangu hajaolewa,
hunisukumia kopo la majivu bila kunitazama.
"Paka. Mafuta ya ganda hayamjui msomi."
Napaka. Yanapenya.
Yanakula ngozi taratibu,
kama mtu anayekula kiporo kisicho chake
huku sikio liko mlangoni.

"Na hicho kidole cha mwisho kishushe!
Unabangua au unakunywa chai na mabwana?"
Nakishusha. Nikisahau, kinapanda chenyewe.

Hesabu yangu siihitaji daftari:
kilo moja, shilingi mia sita,
usiku mmoja, kilo nane nikijaliwa,
awamu ya pili ya ada, laki tatu na elfu kumi na mbili.
Siku sitini na tano
bila homa, bila umeme kukatika,
bila msiba wa Newala kudai nauli.
Na mtihani ulikuwa baada ya siku sitini na moja.
Zile nne nilizilipa kwa kuuza simu.
Laini nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Benki wakagonga muhuri.
Nikatembea kwa miguu kupitia Chikongola,
deni sifuri,
jua la Mtwara likinichoma mtu mwingine kabisa.

Mlangoni mwa ukumbi, kijimashine.
"Dole gumba," alisema karani.
Taa nyekundu.
Futa, weka tena. Nyekundu.
"Haya, kidole cha shahada,"
akasema, kisha akanyamaza,
neno limemkwaa mdomoni.
Nacho kikakataliwa.

Aliugeuza mkono wangu kwenye mwanga.
Ncha za vidole laini, zinang'aa,
kama vikombe vya msikitini vilivyosuguliwa miaka.
"Dada, mashine inasema hapa hakuna mtu.
Pumzika kazi wiki tatu hivi, ngozi itarudi."
Nikamwambia: kaka,
nikipumzika ngozi itarudi,
ila itakuta mwenyewe ameshafukuzwa chuo.

Nyuma yangu foleni ikaguna.
Mmoja mwenye mkopo wa bodi, kucha safi,
akasema aachwe apite, mimi ningojee pembeni.
Sikusogea.
Tukavijaribu vyote, kimoja kimoja,
kama funguo za marehemu.
Cha nane. Cha tisa.
Kikabaki kile cha mwisho, cha kushoto,
mvivu, mwenye kiburi, anayenyanyuka kila korosho ikipasuka.

Kijani.

Jina langu likatokea, lote,
Mwanahawa Saidi Litunu,
na picha ya mwaka wa kwanza, mashavu yamejaa.
Karani akaitazama picha, akanitazama mimi,
akatazama picha tena.
"Pita."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa.
Hicho changu hakikuvunja kitu,
kilinivusha tu.

Swali la kwanza: kokotoa uchakavu wa mashine
iliyonunuliwa mpya, inayofanya kazi usiku na mchana.
Peni iliteleza, nikaifunga kwa leso.
Mstari wa thamani ya mabaki nikauruka,
nikajiambia nitarudi.

Usiku Bi Somoe alikiona kimenyanyuka tena.
Nilimsimulia yote, taa, rangi, foleni.
Hakucheka wala hakuniambia pole.
Alitazama mikono yake mwenyewe kwa muda,
yote kumi, chini na juu,
halafu akasema, "Kibanguzi chako kimelegea, lete nikikaze."